Chenga

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kama kokwa ya zambarau. Nililiokota baadaye chini ya kiti, nikaliweka kwenye droo ya dashibodi, na bado lipo humo.

Kijana mmoja alikuwa akifyeka nyasi kando ya barabara kwa ile mashine inayovaliwa begani. Nilikuwa nimeegesha pikapu chini ya mwarobaini, nje ya duka la pembejeo hapa Morogoro, nimekaa kwenye usukani nikisubiri mbolea ipakiwe. Mjukuu wangu wa miaka sita alikaa kiti cha abiria, upande wa majani, na kioo alikuwa amekipandisha mwenyewe kwa sababu vumbi la nyasi lilimwasha pua. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama ukuni unaopasuka motoni. Kioo cha mlango wake kikawa cheupe chote kwa mara moja, kutoka chini hadi juu, kama tui. Lakini hakikuanguka. Kilibaki kimesimama ndani ya raba zake, kimejaa mistari isiyohesabika, kwa muda wa pumzi moja. Kisha mtoto akageuka kutazama, bega lake likakigusa, na chote kikamwagika mapajani mwake.

Nilimtoa kupitia mlango wangu, nikamvua gauni, nikamkung'uta. Nilitafuta damu mwili mzima. Niliikuta mahali pamoja tu, juu ya kiwiko, mkwaruzo usiozidi punje ya mchele. Kijana wa mashine alikuja mbio, akavua kofia, akasimama hatua chache kutoka kwenye gari. "Nisamehe mama, jiwe sikuliona." Akasema atamwomba bosi wake ujira wa wiki aniletee. Nilimwambia mtoto ni mzima, na hilo linatosha. Lilitosha kweli.

Jioni tulikaa barazani, yeye juu ya mkeka, mimi kwenye kigoda nyuma yake. Alikuwa amesukwa twende kilioni, na katikati ya kila mistari miwili kulikuwa na punje za kioo zimejipanga kama umande. Nilizitoa moja moja, nikizitia kwenye kisahani cha chai. Moja aliichukua kabla sijamzuia, akaiviringisha kiganjani kwa kidole, akaitazama kwa mwanga wa taa. Halafu akauliza, "Bibi, mbona hazikati?"

Nilimwambia airudishe kisahanini, maana hata hizo zinaweza kukwaruza na zikiingia jichoni ni hatari. Lakini sikuwa nimemjibu. Nilijua sikuwa nimemjibu.

Maana sisi tuliozaliwa kabla yake tunajua kwamba kioo hukata. Tumelijua hilo kwa nyayo zetu. Kila mtaa niliokulia ulikuwa na mtoto mwenye kovu la chupa mguuni, na kila nyumba ya mwenye nacho ilikuwa na ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu, vimesimikwa kwenye saruji, ili mwizi akiparamia aache damu yake pale. Kioo kikivunjika nyumbani, mama alitufukuza sote nje, akafagia, akapitisha kitambaa chenye maji, akafagia tena. Vipande vile tuliviita vipande, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa: virefu, vyembamba, vyenye ncha. Vilivyomwagikia mapajani mwa mtoto huyu haviwezi kuitwa hivyo. Ni chenga. Zinafanana na chenga za mchele ulioharibiwa na mashine ya kukoboa, ukubwa wake unakaribiana, na hakuna hata moja yenye mkia.

Kiswahili chetu kimelibebesha neno hili mizigo mingi. Kioo ni cha kujitazamia, ni cha dirishani, ni cha simu. Tunasema msanii ni kioo cha jamii, tukiwa na maana kwamba hutuonyesha sura zetu. Hicho cha mlango wa gari hakuna anayekitazama. Tunatazama kilicho ng'ambo yake, miaka kumi, miaka ishirini, na siku tunapokiona chenyewe kwa mara ya kwanza ni siku kinapogeuka cheupe.

Nilianza kuuliza, na kusoma, kwa sababu ya lile swali. Kioo ni mchanga. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka moto ukaribie nyuzi joto 1,700, na kuwasha tanuri la namna hiyo ni gharama kubwa mno, kwa hiyo huchanganywa na kitu cha kuulainisha uyeyuke mapema. Kitu hicho ni magadi. Nilipofika hapo niliinuka nikaenda jikoni nikashika kopo la magadi, yale yale ninayotia kwenye mlenda na kwenye maharage makavu yaliyokataa kuiva. Kule Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, si mbali na mpaka wetu, yametanda juu ya ziwa magumu kama sakafu. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na kwa miaka mingi yamekuwa yakishuka kwa reli hadi Mombasa na kupakiwa melini, sehemu kubwa kwa ajili ya viwanda vya kioo. Mchanga na magadi peke yake hutoa kioo kinachoyeyuka majini, ndiyo maana huongezwa chokaa ya mawe ili kishikamane. Mchanga, magadi, chokaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mwanamke wa Morogoro hajawahi kukishika. Kwa wiki nzima sikuweza kutia magadi kwenye chungu bila kufikiria dirisha.

Lakini mchanganyiko huo hutoa kioo chochote, hata chupa ya ukutani. Kinachotofautisha cha gari ni kinachofuata. Kioo hukatwa kwanza kwa umbo lake, kingo husuguliwa, na matundu ya boliti hutobolewa, kila kitu kikiwa tayari kabisa. Kisha huingizwa tanurini mpaka kipite nyuzi joto 600, kinalainika, kinapewa ule mpindo kidogo wa mlango, na kikitoka hupulizwa hewa baridi kwa nguvu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ngozi yake hupoa na kuganda kabla ya moyo. Moyo ukija kupoa nao unataka kusinyaa, lakini ngozi imekwisha kuwa ngumu, haiufuati. Basi ngozi inabaki imebanwa na moyo unabaki umevutwa, na kuvutana huko hakutoki tena. Kumo ndani ya kioo kiwandani, kumo kikiwa melini, kumo wakati mtoto anakipandisha kwa mkono ili vumbi lisimwashe pua.

Ufa huanza mahali panapovutwa. Ngozi iliyobanwa haiupi ufa nafasi, na kwa hiyo kioo kama hicho huhimili pigo mara nne hivi kuliko cha kawaida cha unene uleule. Mlango ukipigwa kwa nguvu, hakijali. Lakini kitu kidogo kigumu chenye ncha kikipenya ngozi hiyo na kufika moyoni, basi. Yote yaliyokuwa yakivutana humo huachiliwa kwa pamoja, ufa hugawanyika na kugawanyika tena kwa kasi ya zaidi ya mita 1,400 kwa sekunde, mara nne ya kasi ya sauti angani, na kabla sikio halijasikia, kioo kizima kimekwisha kuwa chenga. Haziwi ndefu kwa sababu hakuna mahali palipobaki pazima pa kutosha kutoa kipande kirefu.

Watu walikiona kitu hiki zamani kabla ya magari. Katika karne ya 17 huko Ulaya walidondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji baridi, wakapata matone yenye kichwa na mkia mrefu, yaliyokuja kupewa jina la Prince Rupert aliyeyapeleka Uingereza. Kichwa cha tone hilo ukikigonga kwa nyundo hakivunjiki. Mkia wake ukiubana kwa vidole ukakatika, tone zima hulipuka kuwa unga. Wakayachezea kama maajabu ya sebuleni. Mwaka 1874 Mfaransa François Barthélemy Alfred Royer de la Bastie alichukua hati ya ubunifu ya kukaza kioo kwa kukizamisha kingali cha moto ndani ya mafuta. Kutoka hapo hadi mlango wa pikapu ni safari ndefu, na sina haja ya kuisimulia yote. Ninachokishika ni kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikaa akaifikiria siku ya kuvunjika kwa kioo kabla kioo hakijawekwa garini. Alikubali kwamba kitavunjika. Akakitengeneza kwa ajili ya siku hiyo, na ya mtoto atakayekuwa amekaa kando yake.

Hilo ni jambo geni kidogo kwetu, kwa sababu sisi ni watu wa kuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa, na tumeziba. Sufuria limepigwa kiraka, ndara imeshonwa, bodi la pikapu hii lenyewe limechomelewa mara tatu nami naliona zuri. Hata kioo cha mbele cha gari kinakubali methali hiyo, maana chenyewe ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Mfaransa mwingine, Édouard Bénédictus, aliona mwaka 1903 chupa ya maabara ikianguka na kupasuka bila kutawanyika, kwa kuwa dawa iliyokaukia ndani ilishika vipande, na wazo la kioo cha tabaka likaanzia hapo. Kioo cha mbele kikipata ufa, ufa unakaa, unatambaa polepole, na fundi anaweza kuuwahi kwa gundi yake. Cha pembeni kama kile hakina ufa. Ama ni kizima, ama ni chenga, hakuna siku ya katikati. Hakuna cha kuziba.

Wiki tatu mlango ule ulikuwa na nailoni iliyobandikwa kwa selotepu. Barabarani ilipiga kelele kama bendera kwenye upepo, na mvua ilipokuja iliingia kwenye kiti. Mjukuu nilimkalisha katikati, au nilimwacha nyumbani, na hakupenda. Nilikuwa na haraka. Na haraka ndiyo iliyonifikisha kwenye duka la vioo vya madirisha.

Mwenye duka ni mtu mwema na hakunidanganya. Alisema ana kioo cha unene unaofaa, atakata kwa kipimo cha mlango mwingine, atasugua kingo, na jioni hiyo hiyo nitaondoka nacho, shilingi 35,000. Cha gari lenyewe, cha mtumba, nilikuwa nimeulizia Dar es Salaam nikaambiwa 80,000, na nauli ya basi juu yake, na kusubiri. Tofauti hiyo ingenisaidia kununua mbolea. Magari mengi yanatembea na vioo vya kukatwa, nimeyaona, na kwa macho huwezi kutofautisha. Nilikichukua, nikakifunga kwa shuka, nikaenda nacho kwa fundi.

Fundi wangu ni mzee aliyepita umri wa makamo, gereji yake iko chini ya mkungu. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?" Nikafungua shuka. Alikishika kwa kingo, akakiinua kwenye jua, akapitisha kidole gumba kwenye pembe zote nne. Alikuwa anatafuta kitu, hakukipata. Akakirudisha kwenye shuka taratibu.

"Hiki ni kioo cha dirisha, mwanangu. Dirisha haliendi Dodoma."

Nilijaribu kumweleza habari ya mbolea. Hakubishana nami. Aliokota kipande kilichobaki cha kioo cha dirisha kilichokuwa kimeegemea ukuta wake, akakifunga kwenye gunia, akakigonga nyundo mara moja, akafungua gunia. Vilivyokuwamo vilikuwa kama visu vya samaki. Kimoja kilikuwa kirefu kupita mkono wake wote wa chini. Kisha akaingiza vidole kwenye mfereji wa mlango wangu akatoa chenga mbili zilizosalia, akaziweka kwenye gunia hilo hilo, kando ya vile vipande. Hakusema neno. Niliona kiwiko cha mtoto, na mkwaruzo wa punje ya mchele, na kile kirefu.

Mwenye duka alinirudishia fedha yote. Nilimweleza kwa nini, na alisikiliza.

Kioo cha gari chenyewe kilitoka Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye yale maduka ambayo milango ya magari imening'inizwa juu kama nguo. Muuzaji aliniuliza kwa simu maswali mengi kuliko daktari. Mwaka wa gari? Singo kebini au dabo kebini, maana kioo cha mlango wa mbele si kimoja. Kushoto au kulia? Cha kupandisha kwa mkono au kwa umeme? Mimi nami nikamwuliza langu moja: kina namba ya gari la mtu iliyochorwa? Wengi wetu tunachora namba za magari kwenye vioo na taa ili wezi wakose soko, na sikutaka kununua huzuni ya mtu mwingine kwa bei nafuu. Akanitumia picha ya kila kona. Kilikuwa safi. Jioni kilipanda basi kituo cha Mbezi, kimefungwa kwa maboksi na vipande vya godoro, na usiku nilikipokea stendi ya Msamvu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kukifunga kulichukua saa mbili, na nusu ya muda huo haikuwa kufunga bali kusafisha. Hili nataka kulisema, kwa sababu ndipo kazi inapoibwa. Fundi alianza na mkono wa kupandishia kioo. Nyuma yake kuna klipu ndogo ya chuma isiyoonekana, na wengi huing'oa kwa bisibisi wakavunja plastiki. Yeye alichukua kitambaa, akakipitisha nyuma ya mkono ule, akakivuta huku na huku kama anayesugua mgongo kwa taulo, na klipu ikaruka nje yenyewe. Akafungua skrubu, akang'oa kava la ndani, akabandua nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi bila kuichana, kwa kuwa nailoni hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie kwenye miguu ya abiria.

Ndani ya mlango mlikuwa na chenga za kujaza kibaba. Chini kabisa ya mlango wa gari kuna matundu madogo ya kutolea maji, na yote yalikuwa yameziba. Fundi mwenye haraka huziacha humo, anafunga kioo kipya, mteja anaondoka akishukuru; mvua zinanyesha, maji yanatuama, na baada ya miaka miwili mlango unaoza kutoka ndani bila mtu kujua sababu. Mzee alizitoa kwa mkono wenye glovu, kisha kwa brashi, kisha kwa upepo, akamwaga maji kidogo kwa juu na kuinama kuyatazama yakitoka chini. Yalitoka. Akachomoa raba ya mfereji, akaikung'uta, akaiosha kwa maji ya sabuni, maana chenga moja ikibaki ndani ya raba itakikwaruza kioo kipya kila kinapopanda, na tumekwisha kuona mkwaruzo unaofika moyoni hufanya nini.

Kioo kiliingia kwa kuinamishwa, ukingo wa mbele ukitangulia, kikasawazishwa ndani, kikakaa kwenye mashine yake. Boliti mbili, spana namba 10. Hakuzikaza mpaka alipokipandisha na kukishusha mara kadhaa akisikiliza. Alikaza kwa kiasi, akasema chuma kikibana kioo kupita kiasi kinakitafutia siku yake. Kabla hajarudisha kava aliniita.

Kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo zilizopauka, kulikuwa na alama: jina la kiwanda, neno TEMPERED, na herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyokithibitisha. Ndicho alichokuwa akikitafuta kwa kidole gumba siku ile. Alama hiyo huwekwa kabla kioo hakijatoka kiwandani, na cha dirisha kilichokatwa mtaani hakinayo.

Mjukuu wangu amerudi kwenye kiti chake. Nimemjibu swali lake kwa namna niliyoweza: kwamba kioo kile kilitengenezwa na watu waliojua kitavunjika, na hawakutaka kimkate. Aliuliza kama watu hao wanamjua. Nikamwambia hapana, walimfikiria tu.

Kesho, kabla hujawasha gari, tazama pembe za kioo cha mlango upande anaokaa mtoto wako. Ukikuta hakuna alama yoyote, mrudie fundi aliyekifunga, umwulize alikitoa wapi.